Mashati Arobaini na Mawili kwa Kipimo Changu

Nianze na aibu yangu, vijana, ili mjue mnashauriwa na mtu wa namna gani. Mimi, fundi cherehani niliyefundishwa na fundi wa kweli, niliwahi kushona mashati arobaini na mawili ya watu arobaini na wawili kwa kipimo cha mtu mmoja. Na mtu huyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyenishikia panga. Niliona uvivu tu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mstari kama madawati ya shule, chini ya Milima ya Uluguru, upande wa kwenda Mlali. Wengi wetu tulikuwa tumeteremshwa kutoka juu, ambako kila nyumba ilikuwa imejishikiza kwenye mgongo wake wa mlima na kutazama ilikotaka. Sasa zote zilitazama ofisi ya kijiji.

Siku moja Katibu wa kijiji, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Ndugu Katibu, akaja kibarazani kwangu na majora ya kaki. Mgeni mkubwa angefika kutoka mkoani, na kijiji kilitakiwa kumpokea kwa sare.

"Shati moja kwa wote, fundi. Wanaume kwa wanawake."

"Na saizi, Ndugu Katibu?"

"Saizi moja. Tumesema watu wote ni sawa, au hatujasema?"

"Tumesema."

"Basi kata."

Hapo fundi mwenye akili angeweka mkasi chini aeleze. Mimi nilitazama mlima. Nusu ya watu wale walikuwa wanashinda huko juu kwenye mashamba ya koo zao, na kwenda kuwapima kulihitaji magoti. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza sekondari nilipata kazi ya ukarani Dar es Salaam. Nikakaa siku nne, nikapanda basi nikarudi, kwa sababu huko hata maji ya kunywa yalikuwa ya vuguvugu. Mama yangu alilia kwa furaha mbele yangu, na kwa sababu nyingine nilipogeuka.

Basi nikavua shati langu, nikalilaza juu ya kaki, nikalizungushia chaki. Nikakata. Nikajiona mjanja.

Siku ya mgeni tulijipanga uwanjani. Kwa mbali, nakiri, tulipendeza. Kisha ikaitwa kaulimbiu, tukatakiwa kuinua mikono juu kwa pamoja. Mshono wa kwanza uliachia mgongoni kwa Mzee Banzi, mkulima wa kabichi mwenye kifua kama mlango wa ghala. Wa pili ukafuata, halafu ikawa kama mahindi ya bisi yanapoanza kupasuka kwenye chungu. Wale wembamba wao hawakuchanika, ila mikono yao ilipotea ndani ya shati, wakawa wanapiga makofi ya kitambaa. Mgeni alikohoa sana siku ile.

Jioni nilimwendea Ndugu Katibu kuomba radhi. Alikuwa amekaa na shati mojawapo mapajani, analikagua kola na vifungo.

"Shati halina kosa, fundi," akasema. "Watu ndio hawajakaa sawa."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Wiki ileile alichukua boksi la sabuni, akalifungua likawa bapa, akaniambia nichore juu yake kile nilichokata. Nikachora. Akagonga muhuri wa kijiji chini ya kola na mwingine karibu na pindo, akalitundika ofisini kwenye msumari. Hicho kikawa kigezo. Sare yoyote itakayoshonwa au kurekebishwa kijijini lazima ilingane nacho. Mwelewe nilichokifanya, vijana: mabega yangu haya membamba, mikono yangu mirefu, na hiki kifua ambacho mke wangu alikiita ubao wa kufulia, vikawa sheria. Mwili wangu ulipigwa muhuri mara mbili.

Hapa lazima nimlete Mzee Shomari, maana angekuwa hai siku zile angenichapa.

Mzee Shomari alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka mjini Morogoro. Alinipokea nilipotoroka Dar, akanifundisha miaka mitatu, mwaka wa kwanza wote kutia mkaa kwenye pasi na kufumua. "Kushona anaweza hata mbuzi akifundishwa," alikuwa akisema. "Kufumua bila kujeruhi kitambaa ndiyo kazi." Alinifundisha kuacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, kwa sababu mtu ananenepa, anakonda, anazaa, anaugua, na nguo yake lazima imfuate. Alinifundisha kwamba tumbo ndilo mwongo wa kwanza wa mwili. Ukimsogelea mtu na futi kamba, anavuta pumzi na tumbo linajificha. Anasimama kama askari. Ukimpima hivyo, utamshonea askari, na nguo atavaa mwingine.

"Muulize habari," Mzee Shomari aliniambia. "Akianza kusimulia, mwili unarudi mahali pake. Hapo ndipo upime."

Ndivyo nilivyokuwa nikipima kabla ya yale mashati. Nilikuwa na daftari, kila mtu na ukurasa wake, na si inchi peke yake. Nilikuwa naandika: huyu bega la kushoto limeshuka, ni la kubebea tenga. Huyu akicheka hurudi nyuma, mwongezee mgongoni. Huyu hataki mfuko wa mbele, anataka wa ndani, usimwulize wa nini. Watu wa milimani miili yao haijanyooka kama ya picha. Njia zetu zimesimama wima, na mizigo imewachonga kila mmoja kwa namna yake. Daftari lile lilikuwa na watu. Boksi la sabuni lilikuwa na mimi tu.

Sasa, sheria ya kigezo ingekuwa kichekesho na ingepita, kama isingefungwa na sheria nyingine. Kila Jumamosi tulilima shamba la kijiji. Ikaamuliwa kwamba asiyefika na sare, ameivaa ipasavyo, anawekewa msalaba kwenye rejista kama mtoro. Ukifikisha misalaba mitatu, matenga yako ya mboga hayapandi lori la kijiji kwenda sokoni Dar, msimu mzima. Na lori lilikuwa moja. Kabichi haingoji, mnajua. Inapasuka, inaoza, inanuka, na wewe mwenyewe ndiye unayelala karibu nayo.

Jirani yangu wa nyumba inayofuata kwenye mstari ni Bi Tatu. Nasema ni, si alikuwa. Yupo, na mtamsikia. Wakati ule alikuwa mjane mwenye watoto wanne na shamba la ukoo wa mama yake huko juu, karibu na njia ya Mgeta. Alipokuwa msichana aliteleza na tenga kwenye njia ya mvua, mkono wa kushoto ukavunjika kiwikoni, ukaungwa nyumbani ukapona kwa pembe. Haunyooki. Ni mfupi kuliko mwenzake na unatazama nje. Lakini analima nao kuliko mimi na mikono yangu miwili ya sheria.

Katika shati la kigezo mkono ule haukuingia. Akijilazimisha, ulikwama kwenye kiwiko na asingeweza kuinua jembe. Jumamosi ya kwanza alikuja na shati begani; msalaba. Ya pili alilivaa mkono mmoja, msalaba. Na kabichi zake zilikuwa zimefunga, zinangoja kukatwa.

Jumatatu alikuja kibarazani kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Fundi, nimekuja unipime."

"Bi Tatu, kigezo..."

"Sijaja kumpima kigezo. Nimekuja nipimwe mimi."

Nilitazama huku na huku, kama mwizi wa kuku. Kisha nikachukua futi kamba, nikamwuliza habari za shamba. Akaanza kunieleza jinsi panya wa juu walivyo na adabu kuliko panya wa bondeni, na mwili wake ukarudi mahali pake. Nilipima ule mkono kwa vipande vitatu: bega hadi pembe, pembe yenyewe, pembe hadi kiganja. Nilichukua masalio ya kaki, nikakata mkono uliopinda kama alivyopinda yeye, nikamwekea kwapani kipande cha pembe nne, kama kile cha kanzu, ili jembe lipande bila shati kupanda. Ile ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya maishani mwangu, na ilikuwa ya kaki.

Jumatano Ndugu Katibu alifika, na mgambo wawili nyuma yake.

"Nasikia umeshona sare isiyo na kigezo."

"Nimemshonea Bi Tatu, Ndugu Katibu."

"Utaifumua."

Vijana, mimi si shujaa. Mbuzi akinitazama vibaya nabadilisha njia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na sikuthubutu kuinuka. Lakini nilikumbuka mwaka wangu wa kufumua kwa Mzee Shomari, na sikuwahi hata siku moja kufumua mshono uliokaa vizuri.

"Kufumua, hiyo sifumui," nikasema.

"Fundi, fikiri. Kila mtu akianza kuwa na mkono wake, tutafika wapi?"

"Ndugu Katibu, kila mtu ana mkono wake tayari."

Mgambo mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Ndugu Katibu hakukasirika kwa kelele. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, kwamba mtu mmoja kuwa na cherehani yake peke yake nyumbani kwake ni mabaki ya ubepari, na kuanzia leo itakaa ofisini kwa manufaa ya wote. Mgambo wakaibeba, mmoja kichwa, mmoja miguu, kama wanaipeleka zahanati.

"Na lile daftari la vipimo?" akauliza.

"Sijui nimeliweka wapi," nikajibu.

Nilikuwa nimelikalia. Maisha yangu yote watu walinicheka kwamba kipaji changu ni kukaa. Siku ile kilifaa.

Sasa ikabaki Jumamosi, na wote tulijua. Bi Tatu angekuja na shati lile au asingekuja. Kwa vyovyote vile ungekuwa msalaba wa tatu.

Alikuja nalo. Alipita katikati ya safu na jembe begani, mkono wake wa pembe umelala ndani ya kaki kama umezaliwa humo. Karani wa rejista alimtazama, akamtazama Ndugu Katibu, kalamu imesimama hewani.

"Huyo hajavaa sare," akasema Ndugu Katibu. "Msalaba."

Pale uwanjani palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekigundua ila mimi. Katika mashati yote arobaini na mawili, lililokaa vizuri lilikuwa moja. Langu. Mimi peke yangu kijiji kizima nilikuwa nimevaa ipasavyo, na ningeweza kuvaa ipasavyo mpaka kufa bila mtu kunisumbua. Nawaambia ukweli, nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikafungua vifungo. Nilivua shati, nikalifunga kiunoni kwa mikono yake, nikasimama na ubao wangu wa kufulia nje mbele ya watu wote. Kulikuwa na baridi ya asubuhi, ile inayoteremka kutoka mlimani.

"Karani," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba, "na mimi basi niandike."

Mzee Banzi alinitazama juu mpaka chini. "Fundi," akasema, "jifunike, utawatia watoto njaa." Lakini huku anasema alikuwa anavua lake, mgongo ukiwa bado umechanika tangu siku ya mgeni, akalifunga kiunoni. Wanawake wakajifunga khanga kifuani, nao wakatoa mashati wakayazungusha viuno. Haikupigwa kelele yoyote. Hakuna aliyehutubia. Ulisikia tu kaki inavuliwa na mtu mmoja mmoja akimwambia mwenzake, shika jembe langu kidogo. Walipomaliza, aliyebaki amevaa shati ni Bi Tatu.

Ndugu Katibu alitazama rejista. Akalitazama lori, ambalo lilikuwa limeegeshwa kando ya ofisi likingoja mboga za Jumapili. Nadhani alikuwa anapiga picha kichwani mwake: misalaba hii ikiendelea, lori linaingia Dar tupu, na yeye anaulizwa na walio juu yake kwa nini kijiji kizima ni watoro hali kimejaa shambani.

"Wamefika?" akamwuliza karani.

"Wamefika, Ndugu Katibu."

"Basi andika wamefika."

Akachukua jembe, akaingia shambani mbele yetu. Tukalima. Matenga ya Bi Tatu yalipanda lori Jumapili, na mimi nikashikwa na mafua ya wiki mbili.

Msidhani mambo yakawa matamu baada ya hapo. Kigezo hakikuteremshwa. Kilibaki kwenye msumari, na hakuna aliyesema kimefutwa. Watu waliacha tu kukitazama, na karani akaacha kuuliza. Cherehani nayo ilibaki ofisini. Kwa hiyo nikafanya nililopaswa kufanya mwanzoni: nikachukua daftari, futi kamba na sindano ya mkono, nikapanda mlima. Niliwafuata wale watu huko walikokuwa, mmoja baada ya mwingine. Nilipumzika kila kona, nikalaani kila jiwe. Shambani kwa Mzee Banzi nilifika nimekufa nusu, akanipa ndizi za kuchoma, akaniambia, "Karibu, Serikali." Nilimfungulia mgongo, nikamwongezea ubao mzima wa kaki. Mashati arobaini, kwa mkono, mpaka mvua za masika zikaisha. Kwa nje yalibaki sare moja. Kwa ndani kila moja lilikuwa na mwenyewe.

Na sitaki mumchukie Ndugu Katibu. Alipopata uhamisho, aliirudisha cherehani, ina kutu, panya wamezalia kwenye droo. Hakuomba radhi. Alisimama pale kibarazani, kisha akasema anahitaji suruali ya safari. Nikachukua futi kamba, nikamwuliza habari za kwao. Akaanza kusimulia. Aliniambia kwamba shuleni alikuwa na shati moja la baba yake lililokatwa, linafika magotini, na watoto walimwita Kanzu. Akaapa akiwa mkubwa hakuna mtoto atakayechekwa kwa nguo. Alikuwa ananieleza hivyo huku mabega yake yakishuka polepole, na nikaona yule mtu niliyekuwa nikimwogopa alikuwa na kiuno cha inchi ishirini na saba.

Kwa hiyo mkiniuliza, mimi kitambaa kimoja sikukikataa hata siku ile, na sikikatai leo. Nimeona watoto maskini wakisimama mstarini na watoto wa wenye duka bila kujulikana nani ni nani, na nikafurahi. Nilichokataa ni kipimo kimoja. Serikali, yoyote ile, ya jana au ya kwenu, ina haki ya kuniambia rangi. Ikifika kwenye urefu wa mkono, ije na futi kamba, iniulize habari zangu, ingoje nijibu.

Nanyi mtakaokaa ofisini, na wengi wenu mnasoma ili mkae ofisini, mtapewa fomu zenye visanduku. Siku moja atakuja mtu ambaye mkono wake hauingii kwenye kisanduku. Mtaona uvivu. Nawajua, maana najijua. Mtasema, acha nitumie kile kilichopo. Kumbukeni kwamba lile boksi la sabuni halikuchorwa na Ndugu Katibu. Yeye alileta muhuri tu. Aliyelaza shati juu ya kaki ni mtu wa kawaida, mpole, aliyeona mlima ni mrefu.

Macho yameniacha sasa, uzi hauingii tena sindanoni. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa nje, nawasimulia vijana wawili wa chuo waliopanga kwangu habari hii, na nilipofika pale nilipofungua vifungo nilisimama kabisa ili waone. Bi Tatu alikuwa kwake, kwenye mkeka, anachambua maharage kwa mkono wake wa pembe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Bwana fundi, ungekuja kunipima siku ile ya kwanza, ushujaa wako usingehitajika. Sasa kaa chini, unaniziba jua."